Nilivyochelewa Kwenda Kutazama Mpira na Maganga

Tangu nirudi, kila anayeleta suruali ya kupunguzwa hapa barazani kwangu ananiuliza habari za Korogwe. Nani alichukua mbuzi, mashindano ya baiskeli yalikuwaje, na ni kweli mzee mzima nilipanda mlima mpaka Lutindi kwa miguu? Nimekuwa nikijibu nusunusu, pini ziko mdomoni. Sasa naandika yote kwa mpigo mmoja, mpokezane karatasi, na mkimaliza msiniulize tena.

Wengine hamumjui Maganga. Ni Mnyamwezi wa Korogwe, mjukuu wa mtu aliyekuja kukata mkonge akasahau njia ya kurudi Tabora. Mimi ni Mzigua, kwa hiyo sisi ni watani. Siku ya msiba wa baba yake nilisimama mlangoni nikalizuia jeneza, nikasema marehemu haondoki mpaka nipewe kuku, na watu waliokuwa wanalia wakacheka. Ndivyo inavyotakiwa. Mtani anatukana na mwenzake hakasiriki, akikasirika anaonekana hana malezi. Tena Maganga alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu kwa miaka karibu ishirini, ligi zetu zote za vijijini, na mimi miaka yote hiyo nilimwita kipofu mwenye filimbi.

Mwezi wa sita alinipigia simu.

"Mzigua, ulinitabiria mabaya na yametimia. Macho yanaisha. Njoo tutazame ligi ya kiangazi hiki, halafu tupande Lutindi, maana mwakani sijui."

"Yanaisha leo? Mimi nilijua yaliisha siku ile uliponinyima penalti."

"Nakwambia kweli."

"Na mimi nakwambia kweli."

Alicheka, nikacheka. Alipiga tena mara mbili na mara zote mbili tulimaliza hivyo hivyo. Mtu alikuwa anapoteza macho, akaniita twende tukayatumie pamoja yaliyobaki, na mimi nikafika baada ya wiki saba nikiwa nacheka. Hayo ndiyo yaliyotokea. Mengine yote mtakayosoma ni njia tu.

Handeni mpaka Sindeni

Wiki za kwanza nina cha kujitetea. Shule zilikuwa zinafunguliwa na nilikuwa na sare zilizorundikana mpaka dirishani. Wiki za baadaye sina. Nilikuwa naitengeneza baiskeli. Maganga aliniambia kutakuwa na mashindano ya wazee Jumamosi moja ya mwezi wa nane, kutoka darajani mpaka sokoni, na kwamba ameshaniandikisha. Nikaona siwezi kufika kwa basi kama mgonjwa, nitafika nikiwa juu ya baiskeli yangu. Nikabadilisha mnyororo, nikabadilisha tandiko, nikapaka rangi. Rangi ilikauka siku tatu na mimi nilikuwa nakwenda kuitazama.

Niliondoka Alhamisi alfajiri, kapu la machungwa limefungwa nyuma. Ilikuwa baridi ile nzuri ya kipupwe, mahindi yameshavunwa, mabua yamesimama makavu pande zote. Nilijisikia kijana kwa saa nzima. Baada ya hapo magoti yalianza kunikumbusha mwaka niliozaliwa, na kabla sijapata kivuli cha kupumzikia gurudumu la nyuma likaisha upepo.

Aliyeniokoa ni Mmasai mmoja aliyekuwa anapeleka ng'ombe mnadani. Nilidhani atapita. Alisimamisha ng'ombe wote barabarani, akachukua pampu kwa mwenzake mwenye pikipiki, akakaa chini na gurudumu langu miguuni.

"Mzee, unakwenda wapi na hii?"

"Korogwe. Kwenye mashindano."

Alilitazama gurudumu, akanitazama mimi. "Ya kutazama au ya kukimbia?"

"Ya kukimbia."

Aliziba tundu kwa ustadi ambao hata fundi wa pale stendi hana, akakataa kila kitu isipokuwa machungwa mawili. Aliponiaga alisema, "Mungu akusaidie, mzee," kwa sauti ya mtu anayemaanisha.

Sindeni niliingia saa tisa hivi, na hapo ndipo machungwa yaliponiponza. Kwenye uwanja karibu na barabara kulikuwa na nusu fainali, watu wamejaa, spika inalia. Nikajisemea nitasimama dakika kumi tu, nikaushe jasho. Nilisimama pembeni na baiskeli yangu mpya na kapu langu, na wakati huo huo ikapulizwa filimbi ya mapumziko. Mnajua wenyewe, wachezaji wakienda mapumziko wanakula machungwa. Mzee mmoja wa kamati akanijia mikono miwili mbele.

"Karibu sana, mfadhili. Tulikuwa tumekata tamaa."

Kabla sijajibu kapu limeshafunguliwa. Nikasikia kwenye spika, "Tunamshukuru mfadhili wetu kutoka Handeni, amekuja kwa baiskeli ili kuhamasisha mazoezi." Watu wakapiga makofi. Hapo ningeweza kusema hapana, si mimi. Sikusema. Nilipunga mkono.

Waliniweka kiti cha mbele, chini ya turubai, nikaletewa pilau yenye nyama za kutosha. Jioni wakanikalisha na mwenyekiti wa kitongoji, tukazungumza maendeleo ya michezo kana kwamba nina maoni. Mfadhili wa kweli, nilikuja kusikia, alikuwa ameahirisha safari. Fainali ilikuwa Ijumaa jioni, na mfadhili haondoki kabla ya fainali. Nililala kwao. Ijumaa nikakagua timu, nikapeana mikono na wachezaji ishirini na wawili na waamuzi, nikamkabidhi nahodha wa washindi mbuzi ambaye sikumnunua mimi.

Maganga alipiga simu wakati nimeshika kamba ya yule mbuzi.

"Uko wapi? Mashindano ni kesho saa moja asubuhi."

"Niko kazini, Mnyamwezi. Huku mimi ni mtu mkubwa."

"Njoo usiku huu. Panda gari, baiskeli utapata huku."

"Wewe lala. Kesho ukiona vumbi, ujue ni mimi."

"Haya," akasema, akakata simu.

Sindeni mpaka Korogwe

Jumamosi niliamka mapema, lakini mfadhili haondoki bila chai, na chai ilikuwa na chapati, na chapati zilikuwa zinasubiri unga utoke dukani. Nilipokanyaga pedali jua lilikuwa limeshapanda. Mashindano ya wazee yaliisha mimi nikiwa bado nasukuma baiskeli kwenye mlima, nikipitwa na malori.

Niliingia Korogwe saa sita na nusu. Maganga alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara ya Handeni, peke yake, kofia mpaka puani. Nilipiga kengele. Aligeuza kichwa lakini hakuinuka, na nilidhani ananinunia, nikafurahi, kwa sababu mtani akinuna nimeshinda. Nikatoa chungwa moja kati ya sita yaliyosalimika Sindeni, nikamrushia kama tulivyozoea tangu ujana.

"Daka."

Lilimgonga kifuani likaanguka mchangani. Hakuinua hata mkono.

"Kipa mbovu," nikasema. "Ndiyo maana walikupa filimbi."

Ndipo akacheka kwa nguvu, akanyoosha mikono kuelekea sauti yangu, akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake. Alinipapasa uso, akasema, "Umezeeka vibaya, Mzigua." Chungwa nililiokota mimi.

Siku nne za uwanjani

Korogwe kiangazi ni mji wa kuchezea nje. Mkonge unaweza kusubiri, mahindi yako ghalani, na kila uwanja una chaki. Asubuhi vikundi vya jogging vinapita vikiimba, mama zetu wakubwa nao wakiwa ndani ya raba na khanga. Saa tisa netiboli, saa kumi mpira, na kati ya hapo kukimbia ndani ya magunia, kuvuta kamba, kufukuza kuku. Tulitazama vyote. Mimi nilikuwa na raha ya mtu aliyeiacha cherehani nyumbani, na raha hiyo ndiyo inayoniuma zaidi nikikumbuka.

Maganga alitaka tukae karibu na spika, pale ambapo masikio yanaziba. Nikalalamika, akasema huko kuna upepo. Mpira ulipoanza akawa ananiuliza kila dakika.

"Nani huyo kaupata?"

"Babu yako."

"Kaenda nao upande gani?"

"Tabora."

Alicheka kila mara. Kisha alingoja kidogo, akageuza sikio kwa mtangazaji.

Siku ya pili timu yake ilifunga, uwanja mzima ukaruka. Yeye alichelewa. Aliruka wakati wengine wanakaa. Mimi nikasimama nikawaambia waliotuzunguka, kwa sauti, "Mnaona? Na huyu kipofu ndiye aliyekuwa mwamuzi wenu." Hakuna aliyecheka. Mama mmoja muuza karanga alinitazama mpaka nikakaa. Nilijisemea moyoni kwamba watu wa Korogwe siku hizi hawajui utani. Maganga peke yake ndiye aliyecheka, na alinipiga begani, lakini mkono wake ulianza kwenye sikio ukateremka.

Nyumbani mkewe, Mama Zawadi, alitupikia ugali, perege wa mtoni na kisamvu cha nazi. Alimwekea mumewe sahani, akamwambia taratibu, "Samaki yuko kulia, mboga kushoto, nimeshatoa miiba." Nikasema, "Unalishwa kama bwana harusi." Mama Zawadi alifungua mdomo, Maganga akakohoa, mkewe akafunga mdomo. Niliona hayo yote, kwa macho yangu haya yanayotunga uzi kwenye sindano bila miwani, na sikuelewa hata moja. Kwangu mimi yalikuwa ni yale yale, Mnyamwezi anadekezwa.

Korogwe mpaka Lutindi

Kupanda Lutindi ndiyo ahadi aliyoitaka kuliko mpira. Baba yake alimpeleka akiwa mdogo, wakatoka shambani kwenye mkonge wakapanda mpaka kwenye misheni ya zamani, na kwa mara ya kwanza akaiona mistari ya mkonge kutoka juu. Alisema hajawahi kuona kitu kilichopangwa vizuri namna ile. Alitaka kukiona tena.

Tuliondoka Jumatano na lori lililokuwa linarudi mlimani baada ya kushusha ndizi. Nusu ya njia injini ikachemka. Dereva akakaa kwenye jani la mgomba akala mhogo, akasema tukiwa na haraka miguu tunayo. Tukatembea. Maganga aliweka mkono begani kwangu, akasema goti linamsumbua. Nikamwambia goti la Mnyamwezi halijawahi kupanda kitu kirefu kuliko kichuguu. Alikuwa anainua miguu juu sana, hata pale njia ilipokuwa tambarare, na nilimwigiza. Wanawake wawili waliokuwa wanateremka na mizigo ya majani walimpisha yeye, hawakunipisha mimi.

Tulifika juu karibu saa saba. Mimi nilikuwa na njaa. Siku ilikuwa nyeupe, anga limeoshwa. Bonde lote lilikuwa limelala chini yetu, mto unang'aa vipande vipande, reli, mapaa ya bati ya Korogwe, na mkonge, mistari na mistari, mpaka ilipokutana na vilima vya kwetu Handeni. Nimeishi miaka hamsini na minne na sijaona kitu kizuri kuliko kile.

Maganga alikaa kwenye jiwe, akavua kofia.

"Haya," akasema. "Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Huko chini. Kila unachokiona."

Nikaanza. Nilimwambia naona Pemba, naona mtu anakaanga pweza. Naona Unyamwezi, babu yake bado amebeba pembe za ndovu za Wazigua kichwani na hajaruhusiwa kutua. Alicheka.

"Na mkonge?"

"Umekwisha. Wazigua wameung'oa wakapanda machungwa."

"Mzigua, tafadhali. Na mto?"

"Umehamia Handeni. Tuliuita ukaja."

Hakucheka tena. Alikaa amenyoosha uso mbele, macho wazi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kuna ukungu?"

Nami nilitaka tuteremke nikale. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, maharage ya hoteli ya pale misheni.

"Mzito," nikasema. "Huoni hata pua yako. Twende zetu."

Nilimwona anashusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alitabasamu, akasema, "Afadhali. Hata mimi naona ukungu tu. Nilidhani ni mimi."

Hata hapo sikuelewa. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Akapita mama mmoja wa pale Lutindi na ndoo yake, Maganga akamsalimia shikamoo kwa kusikia hatua zake, naye akajibu marahaba, wanangu, poleni na mlima.

"Ila mmebahatika," akasema. "Wiki nzima tulikuwa kwenye ukungu. Leo ndiyo kumetakata, mnaona mpaka Handeni."

"Asante, mama," Maganga akasema.

Akavaa kofia yake. Aliweka mkono begani kwangu tukateremka, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa nasema.

Jikoni kwa Mama Zawadi

Aliyeniambia ni Mama Zawadi, kesho yake asubuhi, akichambua mchele. Maganga alikuwa bado amelala.

"Shemeji, umemfanya nini huko juu? Tangu jana hasemi."

"Tulitaniana tu. Nilimwambia kuna ukungu."

Aliacha kuchambua. "Ulimwambia kuna ukungu?"

Akanieleza kwa utaratibu, kama anavyoelezwa mtu aliyechelewa kufika msibani. Ni presha ya macho. Mwezi wa sita alikuwa bado anaona mbele, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alikuwa anaona mpira, anaona uso. Daktari alimwambia kilichobaki hakitakaa. Mwezi wa saba mwishoni jicho la kulia likafunga, na siku chache kabla sijafika la kushoto likabaki na mwanga tu, bila vitu. Ile Jumamosi alikaa barabarani tangu saa kumi na mbili, akitumaini kwamba baiskeli ikipita kwenye jua ataiona walau kivuli chake.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuambia, shemeji. Alikuambia mara tatu. Nilikuwa nimekaa hapo anapokupigia."

Nilikaa pale jikoni nikitazama mikono yake inavyotoa mawe kwenye mchele, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Maganga alipoamka nilimfuata uani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nisamehe. Sikujua." Nikaanza kumweleza bonde lilivyokuwa, mistari ya mkonge, mto. Aliniacha nifike katikati, halafu akainua mkono kama anasimamisha mchezo.

"Wewe ni nani?"

"Mimi. Mzigua."

"Mzigua haniombi radhi. Mzigua namjua kwa matusi yake." Alitafuta kiti kwa mguu, akakaa. "Sura yako imeshakwenda. Ukianza na adabu, nitajuaje kama ni wewe uliyekuja?"

Alisema akicheka. Katika utani hakuna mlango wa kuombea msamaha. Wazee wetu hawakuuweka, kwa sababu hawakufikiria kwamba mtu anaweza kukosea.

Kurudi Handeni

Niliondoka Ijumaa kwa basi, baiskeli juu kwenye keria. Maganga aling'ang'ania kunisindikiza stendi. Mama Zawadi alimsimamisha penye nguzo, akaenda kuninunulia ndizi za njiani. Niliingia, nikapata kiti cha dirishani, upande ule ule aliosimama yeye.

Kulikuwa na mabasi mawili yamewasha injini, letu na la Lushoto, yamesimama sambamba. La Lushoto ndilo lililonguruma kwanza. Maganga akasikia, akageuka, akavua kofia na kuanza kulipungia. Alilipungia kwa mkono wote, meno yote nje.

"Mzigua," akapaza sauti, "ukifika kwenu oga. Harufu yako imebaki kwenye mashuka ya mke wangu. Na usirudi bila kuku."

Abiria wa Lushoto walicheka. Dada mmoja alimpungia naye. Alipomaliza aliinamisha kichwa upande, sikio mbele, akingoja. Alikuwa anangoja nimjibu tusi lake kama tulivyojibizana miaka yote, na basi alilolipungia lilikuwa linaondoka bila jibu.

Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake, dirisha liko wazi. Nilikuwa na tusi zuri kabisa mdomoni. Nikafikiri nikipiga kelele atajua kwamba amewapungia watu asiowajua, mbele ya stendi nzima, na nikamwonea huruma. Nikanyamaza. Basi letu likarudi nyuma, likageuka, likampita karibu nimguse, naye bado ameelekeza uso barabara ya Lushoto, kofia mkononi, anasikiliza.